Daftari la Paka wa Siamu

Mwezi uliopita nilikwenda Dar es Salaam kumtazama mwanangu, na jirani yake akanikaribisha chai. Sijamaliza hata kikombe, akanirukia mapajani paka mwenye rangi ya maziwa yaliyotiwa chai kidogo, masikio meusi, macho ya buluu. Jirani akaleta cheti chenye ukoo wa paka yule mpaka babu wa babu yake, akatusomea kwa madaha. Mwanangu alicheka hadi akatoka machozi, maana yeye mwenyewe cheti cha kuzaliwa alikipata akiwa na ndevu. Mimi sikucheka. Nilimpapasa yule paka mkia tangu shinani hadi nchani, nikamfumbua kinywa, nikamtazama kaakaa. Jirani akashangaa, akaniuliza nimejifunza wapi mambo hayo. Nikamjibu, Masasi, enzi za Mwingereza. Akadhani namtania.

Simtanii, wala wewe sikutanii. Baba yangu alifariki nikiwa na miaka sita, na mama akapata kazi kwa Bibi Muuguzi, Mwingereza aliyesimamia zahanati ya misheni. Mama hakuwa mpishi wala dobi. Kazi yake ilikuwa paka. Wazungu wengine walipanda maua, wengine walikusanya vipepeo wakawachoma sindano, lakini Bibi alizalisha paka wa Siamu, na alilifanya jambo hilo kwa adabu kuliko watu wengi wanavyolea watoto. Nyuma ya nyumba palikuwa na banda la waya wa kuku lenye rafu za kuotea jua. Jike hakuzalishwa kabla hajakomaa, na akishazaa alipumzishwa mwaka mzima. Kitoto hakikutengwa na mama yake kabla ya miezi mitatu, na hakuna aliyepewa mpaka Bibi aende kwanza kwake kuona kama nyumba ina utulivu. Mama alikuwa akisema hata bwana harusi hachunguzwi hivyo.

Paka hao walizaliwa weupe kama unga wa muhogo, kisha taratibu pua, masikio na miguu vikaingia weusi. Kazi yangu nikitoka shule ilikuwa kuwasugua kwa kitambaa laini mpaka manyoya yang'ae, na kuwapima vitoto kwenye mizani ya watoto wachanga iliyochakaa. Mama alichemsha maini asubuhi, akayakatakata yakiwa ya moto, akayapoza kwa upepo wa ungo. Miezi ya njaa, sisi tukila mihogo na majani ya maboga, harufu ile ilinitia uchungu hadi tumboni. Siku moja nililamba mwiko. Mama alinichapa nao mkononi, akasema, "Cha mtu ni cha mtu, hata mwenyewe akiwa paka."

Majirani hawakutuacha. "Shikamoo, mkunga wa paka!" wanawake waliokuja kuchota maji walimwamkia mama, na yeye akaitikia marahaba kwa uso mkavu mpaka wakaangua kicheko. Lakini njaa ilipozidi, utani ule ulikuwa na meno. Kuna aliyesema wazi kwamba paka wa Mama Tekla wananenepa na Tekla mwenyewe anaonekana mbavu. Tekla ndiye mimi.

Kila paka alikuwa na ukurasa wake katika daftari la Bibi: siku ya kuzaliwa, uzito, kasoro, mama yake na baba yake na waliowazaa. Mama hakujua kusoma. Mimi nilikuwa darasa la tatu, kwa hiyo nilikuwa macho yake, na nilijivuna kwa hilo kuliko inavyompasa mtoto.

Kila mwaka Wazungu walikuwa na maonyesho yao Lindi, ya mboga, maua na keki, na meza moja ya paka. Mwamuzi aliwatazama mmoja mmoja: macho yasiwe na makengeza, mkia usiwe na kifundo, mwili uwe mwembamba bila kukonda. Bibi aliwahi kupata nafasi ya pili. Mwaka ule aliniahidi kwamba watoto wa Somo watakwenda, nami nitabeba kapu na kusimama kando ya meza. Somo alikuwa jike kijana, kipenzi chetu. Bibi alinipa kitambaa cheupe cha gauni. Nilikwishawatangazia wenzangu darasa zima.

Kabla ya maonyesho hayo Bibi alikwenda kwao likizo, miezi mingi. Alimwachia mama ufunguo wa banda na maagizo mafupi. Somo akiita dume, apandishwe lori hadi Newala, kwa padri aliyekuwa na dume wa ukoo wa mbali kabisa. Ikishindikana, atafutwe dume mwingine wa Siamu asiye ndugu yake, na daftari lisomwe kwanza.

Haukupita muda, mwalimu mmoja Mzungu wa upande wa Chidya naye akasafiri, akamwacha dume wake kwetu pamoja na karatasi ya ukoo wake. Kisha mvua zikaja. Somo akaanza kuita, sauti ile ya paka wa Siamu ambayo usipoijua utadhani ni mtoto anayeteswa. Lori halikuweza kupanda mlima wa Newala kwa tope. Siku ya tatu mama akasema, "Lete karatasi ya huyu wa Chidya, na daftari."

Hapa yakupasa umjue mama yangu. Sisi ni Wamakua, na kwetu ukoo, yaani nihimo, mtu huupata kwa mama yake. Mama alizijua koo za Masasi nzima. Watu walitoka mbali kuja kumuuliza kabla ya kupeleka posa, kama kijana na binti hawatoki kwenye nihimo moja, na neno lake lilivunja au kusimamisha uchumba. Basi akauliza vilevile alivyozoea.

"Mama yake huyu dume nani?"

Nikasoma.

"Na aliyemzaa mama yake?"

Nikasoma. Kisha akaniambia nisome wa Somo, mama, bibi, mama wa bibi. Hakuna aliyelingana.

"Nihimo mbalimbali," akasema. "Waoane."

Juu kidogo ya kidole changu palikuwa na mstari wa baba. Lilikuwa jina refu la Kiingereza ambalo sikuweza hata kulitamka, lakini herufi zake nilizilinganisha moja moja, kwenye karatasi na kwenye daftari. Zilikuwa zilezile. Nilifungua mdomo. Nikalikumbuka gauni, nikaikumbuka Lindi, nikajua kwamba Somo asipopandwa sasa hakutakuwa na watoto wa kupeleka. Nikafunika daftari. Nilijiambia kwamba sikuulizwa.

Baada ya miezi miwili na siku kadhaa Somo alizaa wanne, mchana, kwenye sanduku karibu na jiko. Mmoja alitoka amekufa. Watatu walinyonya, na maziwa yakarudi kupitia puani. Mama alikifumbua kimoja kinywa, akaona kaakaa limepasuka katikati. Kwa siku nne hakwenda shamba wala kanisani. Aliwadondoshea maziwa kwa pamba, tone kwa tone, wakapaliwa, akawapangusa, akaanza tena. Wawili walikufa mikononi mwake. Aliwafunga katika kipande cha khanga yake, akawafukia mwenyewe.

Bibi alirudi yule mmoja bado anapumua kwa taabu. Alimtazama kinywani, akaomba daftari na karatasi, akaviweka sambamba mezani. Hakufoka, na afadhali angefoka.

"Mama Tekla, Somo na dume huyu baba yao ni mmoja. Nani alikusomea?"

Nilikuwa mlangoni nimeshika mizani. Mama alinitazama mara moja tu.

"Hakuna, Bibi. Nilikadiria mwenyewe."

"Nilikuamini."

"Ndiyo, Bibi."

Bibi alimbeba kitoto yule kwenye sanduku hadi zahanati, kwenye dawa ya usingizi. Aliporudi sanduku lilikuwa tupu. Akaomba ufunguo wa banda. Somo alipelekwa Newala kwa padri, akae mbali na dume wake, asizalishwe tena, na mama akarudi kwenye jembe na mihogo yake. Gauni halikushonwa.

Njiani kurudi nyumbani nililia sana. Mama alidhani nawalilia vitoto. Akanishika bega. "Nyamaza, mwanangu. Wewe ulinisomea nilichouliza. Kosa ni langu, sikuuliza baba yake."

Banda lile halipo siku nyingi, na paka wa Masasi leo wanazaana wanavyojua wenyewe. Hilo halinisumbui. Kinachonisumbua ni kwamba tangu siku ile mama hakuulizika tena. Watu waliendelea kuja na habari za posa zao, naye akawapa maji ya kunywa, akawaambia waende kwa wengine, maana yeye alishaangamiza viumbe kwa kujifanya anajua. Hata posa yangu ilipoletwa, wajomba ndio walioulizana koo. Mama alikaa ukingoni mwa mkeka kama mgeni, akichambua choroko ambazo hazikuwa na takataka.

Majuto ni mjukuu, husema watu, nami wajukuu ninao. Neno la kumrudishia mama heshima yake nilikuwa nalo muda wote huo, na halikuwa refu. Nilijiambia nitalisema nikiolewa, kisha nikizaa, kisha, alipougua, akipata nafuu. Siku chache kabla hajafariki alinishika mkono, akaniuliza kama ninawakumbuka wale paka. Nikasema ninawakumbuka.

"Sikuuliza baba yake," akasema.

Nikamvutia shuka mabegani, nikamwambia apumzike.