Anga Kumi na Mbili za Kiguu na Njia

Siku ya kwanza kuonana naye alilamba mali yangu.

Nina duka la fremu. Nauza pia karatasi, gundi, brashi na vikorokoro vya shule, na chumba cha nyuma yupo fundi vioo wangu, ambaye ana miaka kumi na moja ya kukata vioo na miaka hiyo hiyo ya kulalamika. Asubuhi moja aliingia mwanamke mrefu, mkavu, mikono imebabuka kama ya mtu anayeshika vitu vya moto, akaulizia karatasi nyeusi. Nikamtolea aina mbili. Hakuuliza bei. Aliinua karatasi ya kwanza, akailamba kona, akasugua kwa kidole, akatazama kidole. Cheusi. Akaisukuma kando. Akalamba ya pili. Kidole safi.

"Dada," nikamwambia, "hapa si mgahawa. Ukilamba umenunua."

"Hii nimenunua. Ile nyingine mpe adui yako."

Nilikuwa nauza karatasi zote mbili bei moja, maana nyeusi ni nyeusi. Yeye ndiye aliyenifungua macho. Ile ya kwanza ni nyeusi ya juu juu: imepakwa wino usoni, ndani ina rangi ya uji. Ya pili ni nyeusi ndani kwa ndani. Hata ukiichana, nyuzi zake ni nyeusi. Nilikuwa nimeinunua kwa mkupuo, kwa bei ya kutupa, kutoka kwa mtengeneza albamu aliyefunga kazi. Nikapiga hesabu upesi, nikataja bei mpya.

Akacheka. "Umepandisha nikiwa nimesimama hapa hapa? Mwalimu hata chai hajapewa!"

Akaondoka na karatasi nne kwa bei ya zamani. Nikamwekea alama kichwani, kwa sababu watu wanaonishinda kwenye kaunta yangu hawafiki watano.

Watu walimwita Kiguu na Njia, na alikuwa amelichuma jina hilo kwa haki. Alikuwa ameshafunga maua, ameshauza viatu, ameshakata tiketi za sinema, ameshapanga mafaili kwa wakili. Kazi tisa, na hakuna hata moja iliyomfikisha mwaka wa pili. Nilipomfahamu alikuwa mpiga pasi kwa dobi mkubwa anayefua mashuka ya mahoteli. Anaingia alfajiri, anatoka saa nane mchana. Aliniambia kazi hiyo inamfaa kwa sababu meza za pasi ni nyingi na hakuna anayemwambia akae.

Rangi alizipata huko huko. Ndani ya foronya iliyotoka hotelini kulikuwa na kibati kidogo chenye vidonge sita vya rangi za maji, vinavyometameta kama mgongo wa samaki. Hoteli ikaulizwa, hakuna aliyedai. Akajaribu kwenye karatasi nyeupe: hakuna kitu, kama jasho lililokauka. Akakata tamaa, akapangusia brashi kwenye kadibodi nyeusi, ile inayowekwa ndani ya shati lililokunjwa. Kadibodi ikawaka.

Tangu hapo ikawa anga tu. Mwezi umeanikwa kwenye kamba kwa vibanio viwili, unachuruzika maji. Nyota zimepanga foleni na ndoo, moja imejipenyeza mbele na wenzake wanaifokea. Wingu limelazwa kwenye meza ya pasi, nusu limenyooka, nusu bado makunyanzi. Sayari inatafuta soksi yake ya pili.

"Wewe umeona wapi usiku wa namna hii?" nilimuuliza.

"Usiku wenyewe siujui, Mama Fremu. Saa mbili nishalala. Nachora ninaodhani upo."

Sikuwa mtu wa picha. Nilikuwa mtu wa biashara, na niliona kwamba anamaliza karatasi upesi kuliko anavyoweza kuzinunua. Tukapatana: mimi natoa karatasi nne, yeye ananirudishia moja iliyochorwa, naiuza nitakavyo. Ya kwanza niliitia kioo, nikaitundika karibu na mlango. Wiki mbili hakuna aliyeigeukia. Mteja mmoja alichania nywele mbele yake. Siku fundi vioo alipotoa kile kioo kukifuta, jua la pembeni likaipiga picha, dhahabu ikatoka, zambarau ikatoka, na mtu aliyekuja kununua gundi akanunua picha, gundi akaisahau. Kumbe rangi zile hazitaki kioo, na hazitaki mwanga wa mbele. Zinataka mwanga unaopita kando, kama mtu anayechungulia. Tukaanza kuuza bila kioo. Fundi vioo akanuna mwezi mzima.

Kisha akaja daktari wa meno ya watoto. Anafungua kliniki mpya, ukuta wa chumba cha kusubiri una urefu wa kutosha na dirisha pembeni. Akasimama mbele ya mwezi wa kwenye kamba, akacheka peke yake, akaagiza anga kumi na mbili, zote ziwe tayari siku ya ufunguzi.

"Mtoto akiangalia juu mdomo unafunguka wenyewe," alisema. "Nusu ya kazi yangu imekwisha."

Nilipomfikishia Kiguu na Njia habari ile nilitegemea vigelegele. Badala yake akaanza kutembea, kutoka kaunta hadi mlangoni, mlangoni hadi kaunta.

"Nitachorea wapi?" akasema.

Alikuwa akiishi kwa dada yake mkubwa, na dada mtu alikuwa amemwambia mwisho wa mwezi atoe makaratasi yake: binti yake anarudi nyumbani na kichanga, chumba kinahitajika, meza inahitajika, sakafu inahitajika. Mtu mwingine angechorea kwenye paja. Huyu hawezi. Rangi zile zikiwa mbichi zinawaka. Zikikauka karatasi inazinywa, zinafifia, na lazima upake mkono wa pili na wa tatu. Wengine hukaa wakasubiri. Yeye akikaa dakika tano ni kama amekalia misumari. Kwa hiyo hutandaza karatasi sita, anazunguka amesimama, akifika ya sita ya kwanza imekauka. Bila sakafu hana kazi, na hilo alilijua kuliko mimi.

"Una chumba juu ya duka," akasema.

"Kina mbao na vioo vilivyovunjika."

"Kina dirisha la ubavuni. Nimekiona kutoka barabarani."

Tukaandika nyuma ya risiti. Kwa siku za kuchora atatumia chumba cha juu. Karatasi nyeusi atatoa mwenye duka. Zikitimia anga kumi na mbili siku ya ufunguzi, malipo ya daktari ni yangu yote, na chumba ni chake miaka miwili bila kodi. Zikipungua, anatoka, na zilizokwisha zinabaki kwangu. Dada yake alikuja kushuhudia, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita mtu ng'ambo ya pili ya soko.

"Mama Fremu, umefanya kosa," akasema. "Huyu alizaliwa amesimama. Mama yetu alikuwa akimfunga kanga mguuni ili ale. Miaka miwili chumba kimoja? Labda umpigilie misumari."

"Dada, nyamaza, unaniharibia soko."

"Soko gani? Miezi miwili utakuwa unauza samaki."

Akahamia juu. Kuanzia saa nane na nusu mchana nilisikia hatua kichwani: sita kwenda, pumziko fupi, sita kurudi. Fundi vioo alikata kioo kombo mara mbili, akasema ni kama kufanya kazi chini ya mbuzi.

Sasa nieleze nilichofanya, maana bila hicho mengine hayaeleweki. Karatasi nzuri zilikuwa zimebaki karibu hamsini, na mtengeneza albamu mwingine alikuwa akizitaka kwa bei ya kutia kizunguzungu. Kiguu na Njia aliomba ishirini, kwa kuwa anaharibu kadhaa kabla ya kupatia. Nikampa ishirini. Nane nzuri juu, na chini yake kumi na mbili zile za kupakwa wino. Nilijiambia mchoro ukishafunika karatasi, nani atalamba ukuta wa kliniki? Nikasimama nikamtazama akizipokea. Hakulamba. Alizipiga kofi moja zikalingana, akapanda nazo. Nilifurahi, na nilijua ninachofurahia.

Siku nne kabla ya ufunguzi hatua zilinyamaza. Tulikuwa tumezizoea hadi ukimya ukatufanya tuangalie dari. Akashuka, akaweka karatasi moja juu ya kaunta. Mwezi wenye taulo. Kwenye mkono wa tatu wa rangi wino ulikuwa umeng'oka pamoja na brashi, na ile rangi ya uji imetokeza mashavuni.

Fundi vioo akachungulia. "Mwezi umepata surua."

Nikamsukuma arudi kwenye vioo vyake.

"Ziko ngapi?" nikauliza.

"Nzuri saba. Ya nane niliikosea mwenyewe. Hizi nyingine zote ni wagonjwa."

"Mkataba unasema kumi na mbili."

"Mkataba unasema karatasi unatoa wewe."

"Nimetoa. Nyeusi. Soma."

Akanitazama. Nilitegemea matusi, na nilikuwa na majibu ya matusi tayari. Akageuka, akapanda, akateremka na zile saba zikiwa zimefungwa ndani ya shuka, akapita mbele yangu kama upepo, akatoka.

"Hizo ni zangu!" nikasema. "Zikipungua zinabaki kwangu!"

"Siku ya ufunguzi bado," sauti yake ikajibu kutoka barabarani.

Kumfuata Kiguu na Njia kwa miguu si kazi ya mwanamke wa umri wangu aliyevaa kandambili. Kandambili moja ilikatika kwa muuza magodoro. Nilipofika kliniki nikihema, mguu mmoja peku, yeye alishazitandaza zile saba kwenye viti vya kusubiria, na daktari alikuwa anapita moja baada ya nyingine, mkono mdomoni.

Nilijua ataniumbua. Daktari yule alikuwa ameniahidi kazi ya fremu za vyeti na za matawi mawili mengine. Akisikia nimechanganya karatasi, kwaheri.

"Zimebaki tano, daktari," Kiguu na Njia akasema. "Karatasi nilizokuwa nazo zimeisha. Ila bahati nzuri Mama Fremu anazo nyingine kama hizi hizi, arobaini hivi, amenitunzia. Kaja mwenyewe kuniambia. Si ndiyo, Mama Fremu?"

Daktari akageuka kwangu, anatabasamu.

Nimepatana na mawakala wa mizigo, na mabenki, na mume wangu wa kwanza. Sijawahi kubanwa vizuri namna ile.

"Ndiyo," nikasema. "Zote ni zake."

"Zote?" akauliza yeye, polepole, ili daktari asikie.

"Zote."

Tulirudi, yeye mbele, mimi nachechemea nyuma. Nikafungua kabati, nikampa. Hapo hapo, mbele ya macho yangu, akailamba kila moja, zote arobaini na moja, na fundi vioo akasimama akihesabu kwa sauti kama mwamuzi.

Kazini kwa dobi alisema anaumwa. Siku nne tulisikia hatua tangu asubuhi, na hazikuwa sita tena, zilikuwa mbio. Dada yake alileta chakula akarudi nacho, akisema kumlisha huyu ni kama kulisha gari linalokwenda. Mimi nilipanda mara moja tu, nikamkuta ana sakafu nzima inayometa, anaruka katikati ya nyota kwa ncha za vidole, midomo inahesabu. Akasema bila kunitazama: "Usinisemeshe, zinakauka."

Siku ya ufunguzi zilikuwepo kumi. Nyingine mbili mkono wa tatu haukuwahi kukauka. Daktari hakujali, penye nafasi mbili akatundika saa na tangazo la kupiga mswaki. Watoto walikaa midomo wazi kama alivyotabiri, na mmoja akauliza kwa nini ile nyota imekatisha foleni.

Mimi nilirudi dukani na risiti yangu. Kumi si kumi na mbili. Kiguu na Njia alikuja jioni, kabla sijafunga, akasimama upande wa pili wa kaunta akibadilisha mguu.

"Haya," akasema. "Nitoke?"

"Maandishi yanasema utoke."

"Kweli. Na mimi kesho naanza kutafuta sakafu, na nikiulizwa kwa nini zilikuwa kumi, nitajibu. Siyo kwa ubaya. Mtu akiniuliza tu."

"Mwaka mmoja," nikasema.

"Miwili."

"Uliniletea kumi."

"Uliniletea nane."

Fundi vioo akakohoa kule nyuma. Nikasema mwaka mmoja, na picha zake atauza mwenyewe, ile nne kwa moja imekufa. Hilo la mwisho nililisema kumwonyesha nimekasirika. Alilikubali upesi mno. Nilipogundua nimempa kitu alichokuwa hajakiomba, alishapeana mkono nami na ufunguo alikuwa nao.

Sasa watu wanaingia dukani kwangu wanauliza bei za anga, nami nawaonyesha ngazi. Wanateremka na karatasi mkononi, wanahitaji fremu, nami nawauzia. Kwa fremu peke yake ninachopata ni kidogo kuliko nilichokuwa nikipata kwa kuuza picha zake. Yule mtengeneza albamu aliyezitaka karatasi alikasirika, hanunui tena kwangu. Daktari alinipa yale matawi mawili. Ukizipanga faida na hasara, zinakaribiana, na sipendi vitu vinavyokaribiana.

Yeye ameacha pasi. Hiyo ni kazi ya kumi aliyoiacha, na dada yake bado anangoja aache na hii.

Mwaka unakwisha mwezi ujao. Juzi aliteremka akaniuliza ninataka nini ili aongezewe miaka miwili. Nimemwambia nipe siku chache nifikirie. Sifikirii lolote. Chumba kile hakuna mtu mwingine aliyewahi kukiulizia, na kwa namna alivyokuwa akinitazama wakati najibu, nadhani ameshawauliza majirani, na hilo analijua.