Ng'ombe wa Mia Mbili

Kumpeleka Atanasi Kadege chuo kikuu kuliigharimu hazina ya wenyeji nauli, mablanketi mawili, suruali mbili na posho ya kila muhula. Chuo chenyewe, kule Kampala, kilimsamehe karo. Mimi kulinigharimu shilingi mia mbili, na nusura kunigharimu kazi. Tangu nistaafu nimeirudia hesabu hiyo mara nyingi, nikitumaini kwamba nilikosea mahali. Sikukosea. Basi naiandika, ili ninyi mnaoomba mikopo ya chuo kwa simu mjue sisi tuliifanya kazi hiyo kwa miguu, na kwa kutoaminiana.

Niliajiriwa Mbeya mwanzoni mwa miaka ya hamsini, katika ofisi ya elimu, nikapanga chumba Iyunga. Siku ya kwanza nilikwenda na kalamu yangu mwenyewe, kwa kuwa niliambiwa za ofisini huibwa. Karani Mkuu, mzee wa pwani aliyevaa koti juu ya kanzu, hakuuliza nimesoma wapi. Aliuliza baba yangu anafanya kazi gani.

"Ana bucha Mlandege, Iringa," nikamjibu. "Ananunua ng'ombe vijijini, anachinja."

"Basi uongo unaujua. Kaa hapa."

Akanisukumia rundo la karatasi. Zile ndizo zilizoitwa fomu za uwezo. Nchini kwetu hakukuwa na chuo kikuu. Vijana wachache waliofaulu sana walikwenda Uganda. Chuo hakikutaka kijana mwenye akili abaki nyumbani kwa sababu baba yake hana kitu, kwa hiyo asiyejiweza alipata msamaha wa karo, na hazina ya wenyeji, yaani mfuko wa kodi za wilaya, ikabeba nauli na posho. Lakini chuo kilitaka kuhakikishiwa kwamba asiyejiweza kweli hajiwezi. Karani alitumwa mpaka nyumbani kwa mwombaji, akaandika ng'ombe, mbuzi, shamba, paa la bati kama lipo. Baba alitamka mali yake mbele ya jumbe, mkuu wa kijiji aliyewekwa na Serikali, jumbe akagonga muhuri, na hapo maneno yalikuwa yamefungwa.

"Wakikuonyesha zizi," Karani Mkuu alinifundisha, "wewe nenda kaangalie jiko."

Nilijifunza upesi. Kule Tukuyu nilipokewa na mzee aliyevaa gunia lililotobolewa mikono, akilia umaskini mpaka nikaanza kumhurumia. Halafu nikaona kwenye kifundo cha mkono wake ngozi iliyofifia, duara safi la mahali saa inapokaa. Nilipouliza ni saa ngapi, akatazama mkono kabla hajakumbuka. Nusu ya lori la kahawa ilikuwa yake.

Baada ya miaka miwili Karani Mkuu alihamishiwa Iringa, akanivuta. Huko mkubwa wetu alikuwa Bwana Elimu, Mwingereza mrefu mwenye Kiswahili cha kitabuni, aliyeamini kwamba kila Mwafrika ana ng'ombe mahali fulani. Alizihesabu penseli zetu kila Jumamosi. Mimi sikuchukia; nilikuwa ninazihesabu Ijumaa.

Ndipo nikatumwa Kilolo kwa baba yake Atanasi. Kijana alikuwa amefaulu kuliko wote wa wilaya yetu, na chuo kilikuwa kimemwekea nafasi. Kilichobaki ni fomu ya uwezo. Bila msamaha wa karo, nafasi ile ingepewa mwingine.

Nilifika kwa baiskeli, sehemu kubwa nikiisukuma. Mzee Kadege alinisubiri uani na koti zito la sufi katika jua la adhuhuri. Jumbe alikuwa kando yake, na muhuri wake katika kopo la tumbaku. Nyuma yao walikuwa majirani, na nyuma ya majirani zizi lenye ng'ombe kumi na wanne.

"Kamwene, Mzee."

"Kamwene, Bwana Karani. Karibu uone mali."

Nikaiona. Nilizoea watu wanaoficha; huyu alionyesha. Hilo peke yake liliniwasha. Nikaomba maji ya kunywa ili nipate kuingia jikoni. Nyumba ya ng'ombe kumi na wanne haikuwa na kibuyu hata kimoja cha maziwa. Zizini samadi yote ilikuwa mbichi ya asubuhi ile, na ng'ombe wote walikuwa wamegeuza vichwa upande mmoja, kwenye mlima, wakilia. Kule mlimani alikaa jumbe.

"Mzee, hawa wote wako?"

"Ya nani tena? Yangu yote."

"Maana nikiandika kumi na wanne, chuo kitasema baba anajiweza. Atanasi atadaiwa karo nzima."

Akanikazia macho kama mtu anayekagua noti. "Bwana Karani, mimi nimekwenda dukani kukopa chumvi mara nyingi. Mwenye duka anauliza, una nini? Ukisema huna, hukopi. Leo Serikali inataka kunikopesha chuo kizima, ndiyo nikwambie sina?"

"Huu si mkopo, Mzee. Ni msamaha."

"Hata mwenye duka anasema hivyohivyo, mpaka siku ya kudai."

Kila neno la kweli nililolisema aliliona mtego. Nilipomwambia akane ng'ombe, alidhani nataka akane ili nimnyime. Ningekuwa yeye, ningedhani vilevile. Atanasi mwenyewe alinifuata pembeni ya ghala, amekunja mikono kwa aibu.

"Nimemwambia tangu juzi, Bwana Karani. Anasema shule imenifundisha kuwatangaza wazazi."

"Na ng'ombe ni wa nani?"

Akatazama chini. "Baba ameniapisha nisiseme."

Nikamgeukia jumbe. Akafungua kopo lake. "Andika tu. Mimi shahidi. Ng'ombe zote za Kadege, toka zamani."

Kuwaambia mbele ya majirani kwamba ni waongo kusingefaa kitu; wangeshikilia hadi jua lizame, na mimi ningelazimika kuandika walichotamka. Lakini nilikuwa nimekulia katika biashara ya ng'ombe. Nikaingia zizini, nikamshika pembe jike mmoja mwekundu.

"Mzee, huyu nimempenda. Niuzie."

"Haiuzwi."

"Mia moja."

Mwaka ule ng'ombe mzuri Kilolo alikwenda mia na kumi, na huyu alichechemea mguu wa nyuma.

"Haiuzwi, Bwana Karani."

"Mia na thelathini."

Majirani wakasogea karibu. Jumbe akakohoa.

"Nimesema haiuzwi." Jasho lilikuwa likimtoka Mzee Kadege chini ya koti.

"Mia na sitini."

"Wewe una ng'ombe kumi na nne," mama mmoja akamwambia, "moja tu inakushinda?"

"Ina... ina historia," akasema Mzee Kadege.

Jumbe alikuwa ameliweka kopo chini. Midomo yake ilikuwa ikienda bila sauti. Nilijua anafanya hesabu, kwa sababu na mimi nilikuwa naifanya, na yangu ilinitisha.

"Mia mbili," nikasema.

"Sitaki!"

"Kadege, una wazimu?" jumbe akapiga kelele. "Mia mbili kwa kilema hii? Bwana Karani, mimi nimekubali! Ng'ombe yangu hiyo, chukua, nakupa na kamba!"

Wanawake wakaangua kicheko mpaka wengine wakakaa chini. Mzee Kadege hakucheka. Alivua lile koti taratibu, akalikunja, akamkabidhi jumbe.

"Na hili chukua basi. Ni lako pia." Kisha akanigeukia, na shati lake lilikuwa na kiraka juu ya kiraka. "Andika. Sina."

Nimesikia watu wengi wakitamka neno hilo katika kazi ile, wengi wao kwa ufasaha mkubwa. Sijasikia mwingine aliyelipia kama yeye. Nikaandika. Jumbe akagonga muhuri, huku akitazama pembeni.

Nilipopanda baiskeli, ikawa haiendi. Jumbe alikuwa ameshika kiti.

"Na mia mbili, Bwana Karani? Watu wote wamesikia."

Nilikuwa na thelathini mfukoni. Nikazitoa, tukakubaliana zilizobaki atazifuata ofisini kila mwisho wa mwezi. Chumba changu Mlandege hakikutosha hata mbuzi, kwa hiyo ng'ombe nilimwacha kwa Mzee Kadege amtunze, kwa desturi yao: mtunzaji anakunywa maziwa, na ndama wakizaliwa anapewa wake. Niliona nimefanya jambo la busara. Ndilo lililotaka kuniangamiza.

Habari zilipanda basi, zikafika Iringa kabla ya fomu kutumwa. Bwana Elimu akaniita. Karani Mkuu alikuwa kwenye meza yake pembeni, akipiga mistari.

"Karani, ulikwenda Kilolo huna ng'ombe."

"Ndiyo, Bwana."

"Sasa unaye."

"Ndiyo, Bwana."

"Naye anakaa wapi?"

"Kwa baba wa mwombaji, Bwana."

Aliweka kalamu mezani polepole. Hata mimi, nilipojisikia nikilisema, nisingejiamini. Nikasema si hongo, nimemnunua; akataka stakabadhi. Ng'ombe wa mnadani ana stakabadhi, wa uani hana. Akafungua mfuko wa barua za Kampala, akaitoa fomu ya Atanasi.

"Fomu hii haiendi. Na wewe utaandika maelezo."

Mfuko ulikuwa uondoke na basi la kesho yake, na chuo kilikuwa kimekwisha kusema hakitangoja. Usiniulize nililala vipi.

Asubuhi, nikiwa nimesimama pale na maelezo yangu ambayo hayakuniridhisha hata mimi, mlango ukabishwa. Alikuwa jumbe wa Kilolo, amevaa lile koti la sufi. Ilikuwa mwisho wa mwezi.

"Hodi, Bwana Elimu. Samahani. Nimefuata hela yangu kwa Bwana Karani."

"Hela gani?"

"Ya ng'ombe. Tulipatana mia mbili."

Bwana Elimu aliinuka. "Mia mbili? Ng'ombe wa namna gani?"

"Jike, Bwana. Mwekundu. Inachechemea kidogo tu."

"Na wewe hukushuhudia kwamba ng'ombe wote ni wa Kadege?"

"Kwa mdomo, Bwana," jumbe akasema. "Muhuri sikugonga mpaka ukweli ulipotoka. Ulikuwa kwenye kopo."

Karani Mkuu hakuinua hata kichwa. "Bwana Elimu," akasema, akiendelea kupiga mistari, "huyu hakuhongwa. Huyu kaibiwa."

Bwana Elimu alinitazama kwa muda mrefu, na kwa mara ya kwanza hakunitilia shaka. Alinihurumia, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi. Fomu ikarudi mfukoni. Jumbe alipokea fungu lake, akalihesabu, akatoka, akarudi mlangoni kulihesabu tena.

Atanasi alipata msamaha wa karo. Siku ya kuondoka, kwenye kituo cha basi, mablanketi yakiwa begani, alinishika mkono. "Bwana Karani, ng'ombe ilikuwa ya mia na kumi. Ile tisini ya juu ni deni langu." Alirudi daktari, akatibu watu wa mkoa huu mpaka na yeye akastaafu. Ng'ombe hakuzaa hata mara moja. Alipokufa, Mzee Kadege alinitumia ngozi yake, imekaushwa vizuri, na salamu.

Siku hizi nasikia mashine ndiyo inayopima uwezo wa mzazi. Huenda inamjua mzee wa gunia. Sidhani kama inamjua mtu anayeazima ng'ombe ili asiaibike mbele ya Serikali, na huyo ndiye anayekosa. Mnaokaa kwenye ofisi hizo, nendeni mkaangalie jiko.

Na wewe, Daktari, tunakaa mtaa mmoja na najua utasoma hapa. Mwaka juzi, ingawa umestaafu, ulinitibu malaria ukanitoza dawa, nikalipa. Mia na kumi sidai, ng'ombe nilimpata, na ngozi yake ndiyo ninayoikalia nikiandika haya. Nadai tisini. Najua shilingi ya leo si ile, kwa hiyo tupatane kama watu wazima. Njoo jioni, utaje bei wewe kwanza. Safari hii mimi sipandi.