Gaudensi Aliyetaka Kusomea Habari

Mwanangu Gaudensi alipomaliza darasa la kumi na mbili, mwaka 1957, alirudi Milanzi na fomu ya chuo cha ng'ambo. Alitaka shahada ya mambo ya habari: magazeti, redio, na namna watu wanavyopashana mambo. Fomu ilitaka sahihi ya baba yake kabla ya mwisho wa mwezi, na baba yake alikuwa amekwisha kukataa mara mbili.

"Miaka mitatu kujifunza kupeleka maneno?" Adolfu, mume wangu, alisema. "Silvana wa kisimani anayapeleka bure, na hajawahi kuingia darasani."

Gaudensi aliandika mpango wake kwenye karatasi, akaubandika ukutani kwa ugali: mwaka wa kwanza kuandika habari, wa pili kusema redioni, wa tatu sheria za magazeti. Baba yake akaupitia kwa kidole mpaka chini.

"Na mwaka wa kulima uko wapi?"

Mimi niliishia darasa la tatu, lakini macho yangu hayakuishia hapo. Niliona kinachomkera mume wangu si chuo, ni mdomo. Gaudensi alikuwa amesoma mahali kwamba mwandishi wa gazeti huanza na jambo kubwa, basi akawa anaingia nyumbani na kusema, "Mbuzi wa Bertilla amekufa. Shikamoo, baba." Kwetu Ufipa mtu huchuchumaa, hupiga makofi taratibu, huuliza watoto, mifugo na mvua. Habari mbaya hungoja zamu yake. Nikamwomba, "Mwanangu, funga huo mdomo mpaka sahihi ipatikane." Akaahidi.

Jumamosi moja asubuhi baba yake alikuwa ametulia, ameshakunywa uji, anachonga mpini wa jembe. Nikamkonyeza Gaudensi alete fomu. Kabla hajafungua kinywa akaingia Kornel, mdogo wake mume wangu, anahema. Akachuchumaa, akapiga makofi.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba, Kornel. Mmeamkaje huko?"

"Tumeamka salama. Shemeji hajambo?"

"Hajambo. Watoto?"

"Wazima. Na kuku wenu?"

Gaudensi alikuwa anamtazama baba yake mdogo miguuni. Suruali imelowa umande mpaka magotini, na mkononi ameshika fimbo iliyovunjika. Nilipoona midomo ya mwanangu inacheza, nikamkanyaga kidole cha mguu. Haikusaidia.

"Baba mdogo, kuna nini, wapi, na tangu lini?"

Adolfu akatupa kisu chini. "Mwache mkubwa wako amalize!"

Hapo nikajua fomu imekwenda na maji. Lakini Kornel, kwa kubanwa vile, akajibu kama mwanafunzi mbele ya mwalimu.

"Ng'ombe. Kwenye ulezi wenu. Tangu jua lilipochomoza."

Tukatoka mbio wote. Tuliwakuta ng'ombe kumi na mmoja wanatafuna bila haraka, kama waalikwa. Tuliwafukuza kwa mawe, kwa kanga yangu, na kwa matusi ya Adolfu ambayo padri hajawahi kuyasikia kwenye kitubio. Nusu ya shamba ilipona.

Njia nzima ya kurudi mume wangu hakusema neno. Nilitembea nyuma yake nikisali, maana kimya chake kina namna mbili, na ukiwa mgongoni kwake huwezi kuzitofautisha. Tulipofika mlangoni akamgeukia mdogo wake.

"Hivi Kornel, kwenye ng'ombe ungefika saa ngapi?"

"Nilikuwa bado sijauliza mvua, kaka. Baada ya mvua ningesema."

Adolfu akacheka mpaka akashika ukuta. Kisha akamkazia macho Gaudensi.

"Kumkatiza baba yako mdogo ni utovu wa adabu. Utapiga magoti umwombe radhi."

"Ndiyo, baba."

"Na lile swali lako, huko chuoni wanalifundisha?"

"Mwaka wa kwanza, baba."

"Lete karatasi."

Adolfu huandika jina lake kama anayepanda mahindi: herufi, pumzi, herufi. Nilisimama pembeni bila kupepesa macho mpaka ya mwisho. Wino haujakauka vizuri nikaipuliza fomu, nikaikunja, nikamwambia Gaudensi akimbie nayo Majengo kwa Huseni mwenye lori, aliyekuwa anaondoka na barua mchana ule. Baba yake ni mtu wa kufikiri mara ya pili.