Makochi ya Wageni

Mama alituchapa kwa ajili ya makochi. Ukikalia kochi la sebuleni na mgeni hayupo, mwiko ulikushukia mgongoni, na siku nyingine mwiko wenyewe ulivunjika. Huko ughaibuni, mtaa wa Al Muraqqabat, tulikula sakafuni jikoni, huku makochi yamevishwa vitambaa alivyofuma kwa mkono wake na kabati la vioo limejaa vikombe visivyowahi kuonja chai. Ndivyo sebule ilivyokuwa kwa bibi kule Tabora. Niliichukia.

Baba alikuwa msimamizi wa walinzi kwenye bohari Jebel Ali, na matusi aliyoyameza kwa arbab wake, yule bosi wa Kiarabu, kutwa nzima aliyatapika nyumbani. Alimpiga mama chumbani. Alimpiga jikoni mpaka jino likatoka. Sebuleni hakuthubutu, maana naye alilelewa hivyo: sebule ni ya wageni, na mahali pa wageni hapapigwi mtu. Mama alipoona macho ya baba yamebadilika, alikimbilia pale, akasimama katikati ya zulia, na baba akabaki mlangoni akitukana. Heshima gani hiyo inayoishia kwenye zulia?

Ijumaa moja akavuka.

"Khalas, imetosha! Leo utanitambua!"

Akamkamata nywele, akambamiza kwenye kabati. Vioo vikamwagika, vikombe vikapasuka, naye akaanza kuvua mkanda. Damu ilimtiririka mama sikioni. Nilidhani anauawa. Alitambaa juu ya vigae hadi mlango wa nje, akaufungua wazi, akapaza sauti: "Jamani majirani, karibuni! Karibuni ndani!"

Wakaja wanawake watatu wa Kitanzania waliopanga mlango wa pili, mmoja bado ana unga mikononi.

"Hodi, shemeji," wakasema.

Baba, mkanda mkononi, akajibu, "Karibuni, karibuni."

Wakaketi juu ya vitambaa, na hawakuondoka mpaka baba alipotoka.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, wahenga walisema, na mama aliyashika maneno hayo kwa meno. Kesho yake alimwomba yule mwenye unga, mfanyakazi wa hoteli, ahamie kwetu, akampa kochi refu alalie. Vitambaa vikachafuka, sponji ikabonyea. Baba hakumgusa mama tena, kwa sababu nyumba haikukosa mgeni.

Dada yule alipofungasha kurudi Tanga, teksi ikimsubiri chini, mama alimshika mkono kwa nguvu zote, akamsihi asitoke mpaka mgeni mwingine afike.