Unyoya na Mshika Kamba Wake

Kwenye kikundi chao cha wachezaji walimwita Unyoya, na si kwa wembamba, maana mama yule hakuwa mwembamba hata chembe. Walimwita hivyo kwa jinsi alivyoanguka. Wengine wakiambiwa waanguke, wanakunja magoti, wanatanguliza mikono, utadhani wanatafuta sarafu chini. Yeye alijiachia mzima mzima, uso mbele, mikono nyuma, akitabasamu.

Siri ilikuwa mumewe. Katika filamu moja ya nyimbo waliyoicheza, wachezaji walikuwa vikaragosi: kila mmoja kafungwa mkanda kiunoni, na kamba inapanda kutoka mgongoni hadi jukwaa la juu, kwa mshikaji wake. Wimbo ukiisha, bwana wa vikaragosi anakufa, ngoma inalia, wote wanaporomoka, na washikaji wanawapokea kwa kulegeza kamba kidogo kidogo mpaka karibu na sakafu. Mshikaji wa Unyoya alikuwa baba watoto wake. "Wewe jiachie," alimwambia, "mimi nipo." Sasa angeogopa nini?

Siku ya kupiga picha alijiachia. Kamba ikamkata kiuno kwa kishindo, kitu kikalia mgongoni, kah! Mumewe akaja mbio, jasho linamtiririka, akamwambia mbele za watu, "Umewahi! Umeanguka kabla ya ngoma!" Naye akaamini. Mgongo ukamlaza hospitali, na hakucheza tena. Alibaki kushona sketi za wenzake na kuwaasa wasichana: jamani, sikilizeni ngoma, mimi niliponzwa na pupa yangu.

Filamu ilipotoka walikwenda ukumbini familia nzima, wamependeza kweli. Wimbo ule ulipoanza, watu wote waliwatazama vikaragosi. Unyoya aliinua macho juu, amtafute mumewe, maana alitaka watoto wamwone baba yao. Picha ilichukuliwa kutoka mbali, jukwaa lote liko wazi. Washikaji wamejipanga na nguo zao nyeusi. Juu yake yeye hapakuwa na mtu. Kamba yake ilikuwa imezungushwa kwenye nguzo, ikakazwa fundo. Ngoma ikalia, naye akaanguka pamoja na wenzake, sawasawa, hakuwahi hata kidogo.

Ukumbi ukalipuka kwa makofi. "Mama, wewe kiboko!" bintiye akamkumbatia.

Nje, watoto walipotangulia, alimshika mumewe mkono.

"Baba watoto, ulikuwa wapi?"

Wala hakujifanya haelewi. "Nilishuka kuvuta sigara. Nilidhani bado wanajaribu taa. Sigara moja tu, mke wangu."

"Na wenzako wa juu?"

"Niliwaomba wanyamaze."

Wakanyamaza kweli, jii, watu waliokuwa wakija kwake kila wiki, wakila chakula chake na kumpa pole!

"Nimewaambia watoto wa watu kuwa mimi ni mjinga."

"Si yamepita hayo?"

Yamepita! Mwanamume ana uso mkavu huyu, loo!

"Kule hospitali," alisema, "nilikushika mkono nikakuomba radhi, kwa kukuaibisha mbele ya wenzako. Ulinijibu nini?"

Mumewe akataka kuwafuata watoto.

"Sema."

"Nilisema nimekusamehe."