Visu Vyangu Vinne Hadi Shika Adabu

Safari hii ilianza na ujumbe wa simu. Salma, binti wa dada yangu Mwanasha, aliniandikia kuwa anaolewa, na kwamba karamu ya wanawake itakuwa Jumamosi mchana nyumbani kwao Shika Adabu, upande wa Likoni. (Mtaa huo una jina hilo tangu zamani, si mimi niliyeupa.) Chini yake akaongeza: "Mamdogo, usije na visu. Mama amekodi wapishi."

Anayenijua ataelewa kwa nini maneno hayo yalinichoma. Mimi ni muuza mboga wa Mikindani, kando ya barabara kuu ya Nairobi, na sitoki nyumbani bila visu vinne. Kirefu chembamba ni cha sukuma wiki, maana wateja wangu huitaka nyembamba kama uzi. Kifupi chenye ncha ni cha kuchunia maganda ya muhogo. Cha meno ni cha nyanya, zisipondeke. Cha nne ni cha vitunguu na hakigusi kitu kingine, kwa kuwa harufu yake haiishi na hakuna anayetaka embe lenye ladha ya kitunguu. Mipini yote nimeizungushia vitambaa vya leso moja kuukuu, ili nikienda kwenye shughuli visu vyangu visichanganyike na vya wenzangu. Kwetu mwanamke akialikwa harusini haendi kukaa. Anatia kisu mkobani, anafika mapema na kujipenyeza kwenye duara la wakata vitunguu.

Lakini mimi na Mwanasha tulikuwa hatusemezani tangu mazishi ya mama, huu mwaka wa pili. Siku ile habari zilinifikia nikiwa kibandani, na nilipofika Likoni jeneza lilikuwa limeshatoka. Mwanasha, aliyemuuguza mama peke yake kwa miezi mingi, akaniambia mbele ya watu kuwa anaona nimemaliza kuuza mboga ndipo nikapata nafasi. Niliondoka bila kungoja hata kahawa. Sasa nikawa najiuliza, kuambiwa nisije na visu ni kuambiwa nini? Asiyefanya kazi kwenye shughuli ni mgeni. Mgeni hula, akashukuru, akaenda zake. Niliogopa kwamba dada yangu ameamua niwe mgeni wake kwa umri wote uliobaki. Basi nikavifunga visu vyote vinne, nikavitia kikapuni.

Mikindani, asubuhi. Njia ya karibu ya kwenda Likoni ni kupitia kisiwani na kuvuka kwa feri. Ila pale kivukoni mizigo hukaguliwa, na mwanamke mwenye visu vinne angejieleza mpaka harusi iishe. Nikaamua kuzunguka kwa njia ya Dongo Kundu. Jirani yangu Mutua, Mkamba mpole anayeuza madafu, alikuwa anakwenda Ukunda kuchukua mzigo, akanipakia mbele kwenye pikapu yake.

Baada ya Miritini barabara inakuwa pana na tupu, na upepo unaingia kwa nguvu. Tulipofika kwenye daraja refu maji yalikuwa yamekupwa. Mikoko ilisimama mizizi wazi, na harufu ya tope la chumvi ikatujaa puani. Huku nyuma mitambo ya bandarini ilionekana midogo. Kila pikapu ilipotikisika, kikapu changu kiligonga ko, ko.

"Bi Rukia," Mutua akauliza, "hiyo kikapu iko na nini inalia hivyo?"

"Visu."

Akashika usukani kwa mikono miwili mpaka tukamaliza daraja. "Sasa unaenda harusi ama unaenda vita?"

"Hilo ndilo nisilolijua, Mutua."

Kibundani, pale njia inapokutana na barabara ya Ukunda, tuliagana. Yeye akapinda kulia, mimi nikapanda tuktuk kushoto kuelekea Likoni. Njiani nilifikiria kumpa dereva kikapu anitunzie. Nilikuwa na woga wa kitoto, wa kuonekana nimekuja kujipendekeza.

Shika Adabu, kabla ya adhuhuri. Palikuwa na hema kubwa jeupe, viti vimevishwa vitambaa, na wapishi waliovaa aproni za rangi moja. Mwanasha alikuwa mlangoni na buibui lake la hariri. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba, akakitazama kikapu, kisha akaniambia karibu, nenda kakae kitini. Kitini, kama mkaguzi wa shule.

Nilikaa. Kushoto na kulia walikuwa wanawake ninaowajua, kina Bi Fatuma wa nyumba ya pili na wenzake, ambao nimekata nao vitunguu vya harusi chungu nzima. Sote tulikuwa tumeweka mikono mapajani. Mazungumzo hayakushika. Tuliulizana habari za watoto, tukamaliza, tukaanza tena tulikotoka. Hatujazoea kuzungumza mikono ikiwa imelala.

Baadaye kidogo nilikwenda uani kunawa. Nikamkuta msichana mmoja wa wale wapishi ameinama juu ya mlima wa vitunguu na nyanya, anahangaika na kisu butu cha jikoni mwa Mwanasha. Nikamuuliza wenzake wako wapi. Akasema wako kwenye masufuria, pilau iko karibu kuiva, iliyobaki ni kachumbari, na kachumbari haikatwi mapema. Tatizo ni kwamba mwenzao aliyebeba mkoba wa visu alisimamishwa kwenye ukaguzi wa feri, na hajaruhusiwa mpaka sasa.

Nilicheka, Mungu anisamehe. Kisha nikavuta kibao, nikaketi, nikafungua kikapu. Nilipokuwa nakata kitunguu cha tatu nikaona kivuli. Bi Fatuma alikuwa amesimama, anafungua mkoba wake wa kifahari. Chini ya leso na chupa ya manukato akatoa kitu kilichofungwa kwa gazeti. Kilikuwa kisu. Mwingine nyuma yake akatoa chake, kimefungwa kwa soksi ya mtoto.

"Na wewe uliambiwa usije nacho?" nikamuuliza Bi Fatuma.

"Wallahi niliambiwa," akasema, "lakini mkoba bila kisu nauona mwepesi, kama nimesahau kitu nyumbani."

Muda si muda uani kulijaa. Wote walikuwa wamekuja na visu, kila mmoja kwa siri yake. Duara likajiunda lenyewe, mabuibui yakakunjwa, na umbea uliokuwa umekwama tangu asubuhi ukapata njia. Ndipo Mwanasha akatokea mlangoni. Aliviangalia vile visu kimoja kimoja, kisha akaniangalia mimi.

"Rukia."

"Abee."

Neno lilitoka lenyewe, kama nilivyomwitikia utotoni akiniita nikachote maji. Akaja na nguo zake za mama wa bibi harusi, akaketi chini ubavuni pangu, akanyoosha mkono. Kwetu kisu hakitolewi mkono kwa mkono, huleta ugomvi, na wetu ulikuwa umeshatosha. Nikakiweka cha vitunguu chini mbele yake, akakiokota. Mimi nikachukua cha meno, nikahamia kwenye nyanya. Akakata viwili vitatu bila kuinua macho.

"Wadhani nimekodi wapishi kwa kutaka makuu?"

"Sijui, dada."

"Nalikhofu. Nikikuita uje unipikie, nawe usije, uso wangu ningeuweka wapi? Nikaona heri nipikiwe na watu nisiowajua, hao hawawezi kunikataa." Kisu kikasimama. "Na siku ya mama nalikuwa nimechoka, Rukia. Nalisema kwa uchovu."

Nikamwambia nilidhani amenifanya mgeni.

"Mgeni gani huja na visu vinne?"

Nililia, sikuweza kujizuia, na yeye pia. Bi Fatuma akasema vitunguu vya siku hizi ni vikali mno, na duara zima likamwitikia kuwa kweli, ingawa mimi nilikuwa nakata nyanya.

Baada ya karamu, Salma akiwa bado kwenye jukwaa lake anapigwa picha, mkoba wa visu wa wapishi uliwasili. Uliwekwa pembeni na hakuna aliyeufungua.

Alasiri, wakati wa kuondoka, nilikitafuta kikapu changu nikakikuta kina bakuli la pilau tu. Mwanasha alikuwa ameviosha visu vyangu na kuvitia kabatini mwake. "Siku ya saba wanamaliza fungate," akasema, "na chakula cha siku hiyo tutapika wenyewe. Viache hapa." Nikamuuliza kesho nitakatia nini mboga za watu. Akasema nitaazima, kwani Mikindani nzima haina kisu?

Likoni, jioni. Nilirudi kwa njia ya karibu, kwa kuwa sikuwa na cha kuficha. Mlinzi, mwanamke mwenye sauti ya usingizi, akafunua kikapu, akainua kifuniko cha bakuli, akanusa, akanipisha. Nilivuka nimesimama katikati ya watu, kikapu begani, chepesi hata nikawa nakishika kuhakikisha kipo.

Nilichojifunza ni kidogo, na labda wenzangu mlikijua zamani. Miaka miwili nilingoja dada yangu aniombe radhi, naye alikuwa anangoja mtu wa kumsaidia kukata vitunguu. Tulikuwa tunangoja kitu kimoja.

Mikindani, asubuhi iliyofuata. Niliazima kisu kwa mke wa Mutua, butu kama kijiko. Mteja wangu wa kila siku akaitazama sukuma yake, mapande mapana kama ya kulisha mbuzi, akaniuliza visu vyangu viko wapi.

"Viko Likoni," nikamwambia, "kwa dada yangu."

Alikuwa amesikia vizuri, lakini nilimwambia mara ya pili.