Ilikuwaje, Mama Derick?

Rahabu wa Sepuka hakujua kupamba neno. Kuku wake akipata mdondo, alimwambia mnunuzi waziwazi, "Huyu ni mgonjwa, usimchanganye na wako." Mnunuzi akimcheka kwamba anaharibu biashara yake kwa mdomo wake, yeye alimfunga kuku yule miguu na kumweka pembeni ya tenga. Alilima alizeti na mtama, na kila siku ya mnada alikaa pale pale karibu na mashine ya kusaga, juu ya ndoo ya plastiki aliyoipindua. Watu walimwita mkavu. Hawakumaanisha ubaya.

Mume wake, Yohana, alifia kwenye shimo la dhahabu kule Sekenke, wakati mtoto wao wa pekee, Derick, yuko darasa la tatu. Msibani, kila mwanamke aliyeingia alikaa kwenye mkeka, akamshika mkono, akauliza swali tunaloulizana wote: "Ilikuwaje?" Naye alijibu. Kifusi kiliporomoka saa nne asubuhi. Walikuwa wanne mle shimoni, wawili wakatoka. Yohana walimfikia kesho yake, amekunja mikono juu ya kichwa. Alisimulia hivyo siku tatu mfululizo, na kila alipomaliza, aliyeuliza alilia naye. Siku ya nne aliamka akawafungulia kuku.

Wapo wanaodhani swali lile ni umbeya. Si umbeya. Ndivyo tunavyomsaidia mtu kubeba kifo cha mtu wake. Anakigawa kwa maneno, na kila mmoja anaondoka na sehemu.

Derick alikua, akaingia jeshini, na mwaka jana kikosi chake kikapelekwa nje ya nchi. Redioni mambo ya kule yalikuwa na lugha yake. Vita haikutajwa, ilitajwa operesheni. Watu hawakuuawa, magaidi walidhibitiwa. Vijiji havikuchomwa, vilisafishwa. Jumanne moja ya mwezi wa saba mtangazaji alisema kijiji kimoja kimesafishwa kwa mafanikio makubwa na magaidi kumi na tisa wamedhibitiwa, na kikosi alichokitaja kilikuwa cha Derick. Pale mashineni tulipiga makofi. Rahabu alikwenda nyumbani akachinja jogoo, akasonga ugali, akaita majirani. Hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza hao kumi na tisa ni akina nani, wala kijiji kikishasafishwa wenyeji wake wanakwenda wapi. Tulikula jogoo, tukamsifu mtoto.

Alhamisi maofisa wawili walifika kwa gari. Mkubwa wao, mtu mpole, alivua kofia na kusoma karatasi: Derick amepoteza maisha katika tukio la kiusalama, wakati wa operesheni ya kurejesha utulivu.

"Amekufaje?" Rahabu aliuliza.

"Mama, ni tukio la kiusalama."

"Nimekusikia, baba. Nauliza amekufaje."

Ofisa aligeuza karatasi akatazama nyuma yake. Hapakuwa na kitu. "Amekufa kishujaa," alisema.

Jioni ile ile wanawake walianza kuingia. Ilikuwaje, mama Derick? "Tukio la kiusalama," alijibu. Muulizaji alisubiri aendelee. Hakuendelea, maana hakuwa na cha kuendelea nacho. Wakakaa wawili wakitazama mkeka. Nani ataweza kumlilia mtu aliyeuawa na tukio? Ijumaa ikapita hivyo. Rahabu hakutoa chozi, na uji aliopewa ulipoa mbele yake.

Jumamosi jeneza lilifika, limesindikizwa na askari mmoja kijana, Sixbert, mwenyeji wa Ihanja, aliyekuwa kikosi kimoja na marehemu. Siku hiyo hiyo alifika Sikudhani, mtani wa ukoo. Msibani mtani ana ruhusa ya kusema lolote, na Sikudhani hakuwahi kuiacha ruhusa hiyo ikae bure. Aliingia amevaa koti la kiume, ameshika mfuko mtupu wa sukari, akajifanya anausoma.

"Ndugu wananchi! Leo saa sita kuku wa Rahabu amepoteza maisha katika tukio la jikoni! Sufuria imerejesha utulivu!"

Wanawake walicheka huku wameziba midomo. Rahabu aliinua kichwa kwa mara ya kwanza.

"Mwongo wewe. Kuku wangu hawapotezi maisha. Wanachinjwa, na anayewachinja ni mimi."

"Aa, kumbe unajua kusema!" Sikudhani akaweka mikono kiunoni. "Sasa mbona mwanao unamzika kwa maneno yaliyoletwa na gari la maofisa? Aliyeona kwa macho yuko nyuma ya nyumba anakunywa chai yako. Kamuulize, au unaogopa?"

Rahabu alinyanyuka. Alimkuta Sixbert ameketi kwenye kinu karibu na banda la kuku.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Ilikuwaje?"

Kijana aliweka kikombe chini, akakaza mgongo. "Tulipokea amri ya kusafisha eneo, mama. Magaidi walifanya shambulizi, wakadhibitiwa, na katika tukio hilo—"

Rahabu akamkatiza kwa Kinyaturu. "Wewe ni mtoto wa Ihanja. Nieleze kama ungemweleza mama yako."

Sixbert alifungua mdomo, akaufunga. Lugha ile aliipata jikoni kwa mama yake, na jikoni hapakuwa na operesheni. Kisha akaanza, taratibu, akiangalia kuku.

Walikuta mlimani watu wenye bunduki kweli, ambao mwezi uliotangulia walikuwa wamechinja watu sokoni. Lakini amri ilisema pia kwamba yeyote aliyebaki kijijini ni gaidi, kwa kuwa wenyeji walishaambiwa waondoke. Wakapiga risasi nyumba zote. Derick naye alipiga. Katika nyumba moja walikuwemo bibi, wanawake na watoto, ambao hawakuondoka kwa sababu mmoja wao alikuwa na uchungu wa kujifungua. Derick aliposikia mtoto analia aliacha bunduki chini, akaingia, akatoka amembeba msichana mdogo. Risasi ikampata shingoni pale mlangoni.

"Ilitoka upande gani?"

"Sijui, mama. Zilikuwa zinatoka pande zote."

"Na mtoto?"

"Aliishi mpaka jioni."

"Hao kumi na tisa. Wenye bunduki walikuwa wangapi?"

"Sita."

"Mtoto mlimhesabu?"

Sixbert aliitikia kwa kichwa, na machozi yakamdondokea kwenye magwanda.

Leonard, kaka yake Yohana, alikuwa amesimama kwenye kona ya nyumba na alisikia yote. Alimfuata shemeji yake mpaka jikoni. "Shemeji, hayo yaishie hapo. Mtoto ametangazwa shujaa. Ukisema, kesho watamwita muuaji, na sisi tutaitwa ndugu wa gaidi. Hivi unataka kumzika mara mbili?"

Rahabu alisogeza kuni mekoni. Na Jumatatu, kaburini, yule ofisa mpole alipousoma wasifu wenye operesheni yake na utulivu wake, Rahabu alisimama kimya ameshika udongo. Leonard alishusha pumzi.

Watu walikuwa wamesharudi nyumbani na chakula kimeanza kugawiwa alipofika Cecilia, dada yake Rahabu, kutoka Rungwa. Alikuwa amesafiri siku mbili, vumbi mpaka kwenye kope, na kidumu cha asali mkononi. Aliwapita wanaume waliokaa na ofisa, akaketi mkekani, akamshika mdogo wake mkono.

"Ilikuwaje, mdogo wangu?"

Vijiko vilinyamaza. Leonard alikohoa. Ofisa alisema kwa upole, "Mama, tumheshimu marehemu."

"Ndiyo ninachofanya, baba," Rahabu alisema, kisha akamgeukia dada yake. "Walipiga risasi nyumba zenye watu. Derick alipiga. Aliua watu ambao hawakuwa wamemkosea kitu, kwa sababu aliambiwa ni magaidi naye akaamini. Halafu akasikia mtoto analia, akaacha bunduki, akaingia kumchukua. Risasi ikampata mlangoni, hapa." Akagusa shingo ya Cecilia. "Mtoto alikufa jioni. Redio ikamhesabu gaidi wa kumi na tisa. Mimi niliisikia ile hesabu, dada. Nikafurahi. Nikachinja jogoo."

Cecilia alimvuta kifuani, na ndipo Rahabu alipolia, kwa sauti iliyofika barabarani. Leonard alitoka nje ya ua. Wanaume wawili wa ukoo walimfuata, na mpaka leo hawamwamkii Rahabu. Ofisa alibaki ameshika kofia yake.

Sikudhani alivua lile koti. Akasogea mkekani, akakaa pale ambapo wenzake walikuwa wamekaa na kuuliza bila kupata kitu, akamshika Rahabu mkono wa pili.

"Ilikuwaje, mama Derick?"

Rahabu alifuta uso kwa kanga, akaanza upya, safari hii kuanzia kwa jogoo.